Mkunga Bila Mkunga

Lugha yangu ina neno moja kwa wawili hawa:
mwanamke apokeaye mtoto mlangoni pa dunia,
na samaki mrefu kama ukambaa, mtelezi, asiyeshikika.
Mkunga. Mkunga.
Hadi uwahesabu, ndipo watengane: wakunga, mikunga.

Bronagh hajui Kiswahili.
Kashuka garini saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Oktoba,
viatu vya hospitali vingali na tone la damu kavu,
na badala ya kwenda kulala kapitia gatini
kwa babake, Phelim, anayevua Ziwa Neagh
tangu enzi za makasia.

"Wangapi leo?" Ndiyo salamu yake.
"Wawili. Wa pili kanitisha. Dakika mbili kimya,
rangi ya zambarau, kisha kalia kama mwanambuzi."
"Ashukuriwe."
"Na wewe?"
Phelim kasogeza ndoo kwa ncha ya buti.

Ndani, mmoja tu. Jike.
Si wa rangi ya tope, wale wanaokaangwa na vitunguu.
Huyu kavaa fedha ubavuni,
mgongo mweusi kama usiku aliokuja nao,
na macho (Bronagh kainama) macho yamemzidi kichwa,
kama ya mtu anayesoma barua gizani.

"Huyu ndiye anayeondoka," kasema baba.
"Kafunga. Tumbo lake linajikunja, hata mnyoo hautaki tena.
Miaka ishirini kalala kwenye tope letu,
kisha usiku mmoja, hakuna mwezi, mto umejaa,
kasikia anaitwa."
Anaitwa na nani, Phelim hakusema.
Alivua kofia tu, akajikuna.

Alikuja mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti,
mwangavu, ungesoma gazeti kupitia ubavu wake,
na moyo ungeuona: nukta nyekundu, inapiga.
Mkondo wa Atlantiki ulimbeba miaka miwili, mitatu,
kutoka bahari ya magugu, hana mama, hana ramani,
akafika mto Bann, akapanda kamba za nyasi
walizomsokotea watu ili avuke penye maporomoko.
Kamba za nyasi!
Binadamu naye, mara mojamoja,
hukumbuka kwamba alipewa dunia aitunze.

"Na huko anakorudi, nani kamwona akizaa?"
"Hakuna."
"Hata wenye meli na mitambo?"
"Wamemfunga kidude cha redio, wamemfuata karibu kabisa.
Yai lake baharini? Hakuna jicho lililoliona."

Bronagh kakaa juu ya kreti.
Yeye aliyeshika vichwa mia nne na ushee,
ajuaye saa ya kusema sukuma na saa ya kusema subiri,
kacheka peke yake, kicheko cha uchovu,
jirani na kilio.

Mungu kajiwekea chumba kimoja cha uzazi
asichomkaribisha mkunga.
Kakifunga kwa maji, kina juu ya kina,
na humo, bila taa, bila glavu,
bila mtu wa kuandika saa na uzito,
hupokea Mwenyewe.

"Utamuuza?"
"Nimeuza maelfu. Ndio waliokusomesha, sijutii."
Kanyamaza. Ziwa nalo.
"Huyu mshike wewe. Mikono yangu imezeeka."

Bronagh kamshika kwa mikono miwili, kama afanyavyo kazini,
kiganja chini ya kichwa, kingine popote kilipopata,
na utelezi ulikuwa uleule, wallahi uleule,
wa saa tatu zilizopita, chini ya taa kali,
wa yule aliyechelewa kulia.

Hakumtupa majini. Alimweka kwenye majani yenye umande,
akamwacha aende mwenyewe:
herufi moja ndefu ikijiandika kuelekea ukingoni,
kisha ziwa, kisha mto, kisha chumvi,
kisha huko.

Nyumbani alivua viatu, akalala na nguo zake.
Mikono hakuinawa.